Who, which, that: kwenye zoezi napata, nikiongea zinapotea. Mnafanyaje mazoezi?

Kiu_ya_Lugha

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wale mlioshapita hii njia. Kiingereza changu ni cha kati, zile tesiti za mtandaoni zinaniweka B1, habari nasoma naelewa, mtu akiongea taratibu namsikia vizuri tu. Shida yangu ni sentensi za who, which, that, whose na where. Ukinipa zoezi la kujaza nafasi najaza bila wasiwasi ila nikitakiwa niongee au niandike mwenyewe kitu kirefu kidogo zote zinapotea, nabaki na visentensi vifupi vifupi, yaani "I have a friend. He works in a bank. He speaks three languages." Mtu ananielewa lakini naona kabisa hivi sivyo ninavyofikiri, maana kwa Kiswahili hiyo naisema kwa pumzi moja tu, nna rafiki yangu anayefanya kazi benki anaongea lugha tatu.

Na nikijilazimisha kuunganisha nakosa uhakika, mara that mara which, mara naona watu wameliacha kabisa hilo neno, mara kuna mkato mara hakuna. Sina mtu wa kuongea naye Kiingereza, nasoma mwenyewe usiku kwa simu. Naomba mniambie mazoezi mnafanyaje, siyo kanuni tupu maana kanuni ninazo daftari zima.

Mwl_wa_Sarufi

Karibu ndugu. Hiyo ya kuisema kwa pumzi moja kwa Kiswahili ndo pa kuanzia, kwa sababu makosa mengi ya wasemaji wa Kiswahili kwenye eneo hili yanatoka moja kwa moja kwenye jinsi sisi tunavyojenga hizo sentensi, na ukishayaona huko yanakotokea unaanza kuyadaka mwenyewe.

Chukua "kitabu nilichokinunua". Ndani ya hilo neno moja kuna mimi, kuna wakati uliopita, kuna cho ya urejeshi, halafu kuna ki inayokitaja kitabu kwa mara nyingine. Hiyo ki ndo inayowaponza watu, wanaandika "the book that I bought it". Ile it haina kazi, nafasi yake imeshachukuliwa na that, kwa hiyo ni "the book that I bought" halafu unaishia hapohapo hata kama sikio lako linaona kuna kitu kimepungua. Upande wa mtenda nako ni hivyohivyo. Sisi tunasema "rafiki ambaye anafanya kazi benki" na ile a ya mwanzo wa "anafanya" lazima iwepo, sasa mtu akiihamisha anapata "a friend who he works in a bank". Toa he, who ndo mtenda mwenyewe.

Kingine ni mpangilio. "Wimbo aliouimba dada yangu", unaona dada kaja nyuma ya kitenzi, kwetu ni sawa kabisa. Ukiufuata mpangilio huohuo unapata "the song which sang my sister", na Mwingereza hapo anaelewa kwamba wimbo ndo ulimwimba dada. Kwake kwenye sentensi kama hii mtenda anatangulia kitenzi, "the song which my sister sang".

Halafu wanyama. Kwetu mbwa, paka, ng'ombe wote wanachukua ye kama watu, mbwa aliyepotea, kwa hiyo mkono unakimbilia who. Kwa Kiingereza mnyama tu wa kawaida ni which au that. Wenyewe wanasema who kwa mnyama wanayemfuga na wana jina lake, hilo utalikuta, ila usilifanye kanuni.

Na whose watu wanaikwepa kwa sababu sisi tunasema "mwanamke ambaye gari lake limeibiwa", basi inatoka "the woman who her car was stolen". Who na her zinaungana zinakuwa whose, "the woman whose car was stolen". Ni kila penye ambaye halafu baadaye kidogo kuna lake, yake, wake, chake.

Zoezi langu ni hili. Chukua aya yoyote ya Kiswahili, habari au hata meseji ndefu ya rafiki yako, pigia mstari kila penye ye, cho, lo, zo, po na amba. Usitafsiri aya nzima, tafsiri hicho kipande tu pamoja na jina linaloelezwa. Halafu rudi ukague vitu viwili, je kuna it, him au them imebaki bila kazi, na je mtenda yuko mbele ya kitenzi. Fanya kidogo kila siku, usijaze kurasa.

Sauti_Kwanza

Mwalimu nakuheshimu na hiyo ya ki ya pili naikubali, hata mimi nimejifunza kitu hapo, ila kwa mtu ambaye shida yake ni kuongea sidhani kama tiba ni kutafsiri. Ukizoea kutafsiri utakuwa unaongea huku kichwani kuna kazi nyingine inaendelea, na mwenzio hawezi kukusubiri.

Kiu, mimi nakushauri uanze na kitu ambacho hizi sentensi zilitengenezwa kwa ajili yake, yaani kueleza kitu ambacho jina lake hulijui. Kaa chumbani kwako, angalia kitu chochote, jifanye jina lake limekutoka, halafu kielezee kwa sauti. "It's a thing that you use to cut paper." "It's a person who repairs shoes." "It's a place where people keep their money." Utashangaa mara moja tu kwamba who, that na where zinakuja zenyewe kwa sababu unazihitaji, hakuna namna nyingine ya kumfikisha mtu pale. Na siku unaongea na mtu kweli, neno likikukimbia, hutanyamaza, utasema "the thing that you open a bottle with" na mazungumzo yanaendelea. Hiyo peke yake inakutoa B1 kwa maana ya kuongea.

Ukikwama angalia kamusi ya wanafunzi, siyo ya Kiingereza kwa Kiswahili, ile ya Kiingereza kwa Kiingereza. Longman wana moja ambayo maelezo yake yote yameandikwa kwa maneno kama 2,000 tu ya kawaida, na ukiisoma utaona maelezo mengi yanaanza someone who, something that, someone whose job is. Chagua neno unalolijua, tunga maelezo yako kwanza, ndo ufungue uone wao wamesemaje. Kwangu hilo ni zoezi bora kuliko kitabu chochote cha kujaza nafasi, kwa sababu kwenye kujaza nafasi sentensi imeshajengwa na mtu mwingine, wewe unachagua neno tu, na kazi ngumu ni kuijenga.

Jambo la pili, unasikiliza? Maana that ya katikati ya sentensi watu wanaimeza. Ile that ya kuonyesha kidole, "that book", inasikika kamili, lakini ya "the book that I bought" inapita haraka na kwa unyonge kiasi kwamba mtu anayejifunza anadhani haikusemwa. BBC Learning English wana vipindi vya 6 Minute English ambavyo maandishi yake yanapatikana. Chukua kipande kifupi sana, sikiliza, andika ulichosikia, halafu linganisha na maandishi uone that ngapi zilikupita. Kisha sema nao kwa kasi yao. Usikimbilie kipindi kizima, kipande kidogo ukikirudia mpaka mdomo ukizoee kinatosha.

Kiu_ya_Lugha

Asanteni sana, nimejaribu hilo la kueleza vitu hapahapa nilipokaa na kweli zinakuja. Ila sasa naomba mnisaidie kwenye kuliacha lile neno. Mwalimu kaandika "the book that I bought" lakini kwenye vipindi nasikia "the book I bought" tu. Lini ruksa kuacha na lini haifai? Na mkato?

Bi_Mhariri

Nijibu mimi hapa maana kazi yangu ni kusahihisha maandishi na haya mawili nayaona kila siku.

Kuacha ni rahisi kuliko wanavyofundisha. Angalia kinachokuja baada ya who, which au that. Kama kinachofuata ni kitenzi moja kwa moja, usiliache. "The man who called me", baada ya who kuna called, ukiitoa who unapata "the man called me" ambayo ni sentensi nyingine kabisa yenye maana nyingine. Kama kinachofuata ni mtenda mwingine, I, she, my sister, the police, basi uko huru. "The man who I called" na "the man I called" zote sawa, na kwenye kuongea ya pili ndo inayosikika zaidi. Whose haiachwi kamwe. Na hii ndo sababu watu wengi siku hizi hawahangaiki na whom, kwenye mazungumzo ukisema "the man I called" umeshaikwepa bila kosa lolote. Whom ibaki kwenye barua rasmi na baada ya to, for, with, kama "to whom".

Hapo kwenye to na with kuna jambo. Sisi tunasema "mtu niliyekaa naye", ile naye inakuvuta uandike "the man who I sat with him". Kiingereza kinaacha with peke yake mwishoni, "the man I sat with". Vilevile "kisu nilichokatia kamba" ni "the knife I cut the rope with". Mwalimu wako wa zamani anaweza kuwa alikwambia sentensi haiishii na with au to. Kwenye Kiingereza cha kila siku inaishia, tena ukilazimisha "with which I cut the rope" kwenye mazungumzo utaonekana unasoma risala.

Sasa mkato, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu watu wanauchukulia kama pambo wakati unabadilisha maana. Linganisha:

"My brother who lives in London is a doctor."

"My brother, who lives in London, is a doctor."

Ya kwanza inakwambia nina kaka zaidi ya mmoja, na namzungumzia yule wa London, siyo wengine. Maneno "who lives in London" ndo yanayomtambulisha, ukiyatoa hujui namsema nani. Ya pili kaka ni mmoja, unamjua tayari ni yupi, na habari ya London nimeichomeka tu njiani, ukiitoa sentensi inabaki imesimama. Kiswahili hakikulazimishi kufanya hilo chaguo kwa alama, "kaka yangu anayeishi London ni daktari" inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili na msikilizaji anaamua kwa muktadha, ndo maana mkato unakusumbua, siyo kwamba hujui kuweka alama. Kabla ya kuandika jiulize swali moja tu, je, msomaji anahitaji hiki kipande ili ajue ni nani au ni kipi? Akihitaji, hakuna mkato. Asipohitaji, weka mkato pande zote mbili, na kwenye kuongea weka kituo kidogo pande zote mbili, sauti inashuka kidogo halafu unarudi.

Kwenye zile za mikato usitumie that na usiache neno. Ni who, which, whose, where. Kwenye zisizo na mkato that ni ruksa kwa watu na kwa vitu. Wahariri wa Marekani wengi wanapenda which ibaki kwenye za mikato peke yake, Uingereza hawajali sana, utakuta "the book which I bought" imeandikwa vizuri tu bila mkato. Kwa hiyo ukiona vitabu viwili vinapishana siyo kwamba kimoja kimekosea.

Na chukua sentensi zako tatu za rafiki. Ukisema "I have a friend who works in a bank and speaks three languages" unamleta mtu mpya. Ukisema "My friend, who works in a bank, speaks three languages" habari kubwa ni lugha, benki ni pembeni. Ukigeuza, "My friend, who speaks three languages, works in a bank", benki ndo habari. Hilo ndo zoezi ninalompa kila mtu, andika sentensi tatu fupi kuhusu kitu kimoja, halafu ziunganishe kwa njia tofauti, kila mara ukiamua kipi ni habari na kipi ni cha pembeni. Ukifanya hivyo utaacha kuviona hivi vitu kama sarufi, utaviona kama namna ya kumwelekeza msomaji aangalie wapi.

Njiani_B2

Mi naongezea upande wa mtihani maana najiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na naona wengi tunadanganyana huku. Kwenye kuongea mtihani mzima ni dakika 11 hadi 14, katikati unapewa kadi, dakika 1 ya kujiandaa halafu unaongea mpaka dakika 2. Kadi zenyewe mara nyingi zinaanza "Describe a person who" au "Describe a place where", yaani sentensi unayoiogopa imeshaandikwa kwenye swali. Unaweza kuianza nayo, "The person I'd like to talk about is a teacher who taught me at primary school", tayari umeshatumia mbili bila kujikaza.

Ila kuna watu wanashauri ujaze who na which kila sentensi ili upate alama za sarufi. Sarufi ni kigezo kimoja kati ya vinne, na kinapima aina za sentensi pamoja na usahihi wake, vyote viwili. Ukijaza which saba ambazo nne zimekosewa hujajisaidia, na ule mtiririko wa kuongea nao unaharibika kwa sababu unasimama kila saa kutafuta neno. Mi najirekodi kwa simu, naongea dakika mbili kuhusu kadi moja, nasikiliza, natafuta mahali ambapo niliweka sentensi mbili fupi na moja ingetosha, halafu naongea tena kadi ileile. Siyo kadi mpya, ileile. Ukirudia ndo unasikia ulimi unavyolegea.

Pia ile which inayobeba sentensi nzima inafaa sana kwenye kuongea, "She passed the exam, which surprised everyone." Hapo which siyo mtihani, ni lile jambo zima la kufaulu. Kiswahili tunasema "jambo ambalo" au "kitu ambacho". Ni rahisi kwa sababu unamaliza sentensi yako kwanza, ukipata wazo la kuongeza unalibandika nyuma.

Mwl_wa_Sarufi

Sauti_Kwanza, sikatai. Kutafsiri nakuweka kama kupima, siyo kama njia ya kuongea, mtu ajue anakosea wapi halafu aende kwenye mazoezi yako. Akiruka hatua hiyo anaweza kuongea kwa ufasaha mzuri huku kila sentensi ina it ya ziada, na kosa lililozoeleka mdomoni kulitoa ni kazi kweli. Na hilo la that kumezwa ni kweli, linaeleza kwa nini wanafunzi wengi wanaandika "the book I bought it", hawajawahi kuisikia that kwa hiyo hawaoni kwamba kuna kirejeshi pale.

Sauti_Kwanza

Hapo tumekubaliana mwalimu.

Kiu_ya_Lugha

Jamani mmenisaidia mno. Nimekaa nimeandika hivi kuhusu jirani yangu, naomba mnipitie kwa ukali bila huruma:

"I have a neighbour who plays the guitar every evening. The song he plays most is one that my mother used to sing. His guitar, which is very old, has only five strings. The room where I study in is next to his, so I hear everything. Last month he started to teach me, which made me very happy. He taught me everything what he knows about that song."

Bi_Mhariri

Hii ni nzuri, nakwambia ukweli. Mikato ya gitaa umeiweka panapotakiwa, "the song he plays most" umeliacha neno kwa usahihi, na hiyo "which made me very happy" imekaa vizuri kabisa. Nakusahihisha mbili.

"The room where I study in", where imeshabeba ile in ndani yake. Ama "the room where I study", ama "the room I study in". Zote mbili kwa pamoja hapana.

"Everything what he knows" inatokana na ile cho ya "kila kitu anachokijua", watu wengi wanaipeleka kwenye what. What inasimama pale tu ambapo hakuna jina kabla yake, "What he said is true", alichosema ni kweli, hakuna kitabu wala kitu kilichotajwa kabla. Ukishakuwa na everything, something, all, au jina lolote, what haiingii tena, ni "everything that he knows" au "everything he knows".

Mwl_wa_Sarufi

Sina la kuongeza hapo. Isome kwa sauti ikiwa imesahihishwa, ujirekodi kama alivyosema Njiani, halafu andika aya nyingine kuhusu jirani huyohuyo na safari hii uweke whose mara moja na "with" ya mwishoni mara moja. Ilete hapa tutaiangalia.

Kiu_ya_Lugha

Sawa mwalimu, kesho jioni naileta.